Kumchana Kupe

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana. Nilizaliwa miezi miwili baada ya wewe kuondoka, na sasa nina miaka thelathini na minne. Mimi ni mtoto wa dada yako. Ni fundi viatu, nina kibanda changu mkabala na posta, na barua hii naiandika juu ya boksi la soli, kwa hiyo mwandiko ukipinda ulaumu boksi. Natumaini imekukuta na afya, wewe na walio nyumbani kwako.

Habari za huku si nzuri sana, ila zina nafuu kuliko zilivyokuwa. Mwezi wa kumi mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia haumtii, na maneno yamemkimbia. Anaelewa kila kitu, na jicho la kumsuta mtu bado analo. Lakini akitaka kusema hutoka neno moja, tena kwa shida, na siku nyingine hutoka lisilo lake. Juzi aliomba chumvi nikamletea, akakasirika, kumbe alitaka blanketi. Nimehamia kwake, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Nikiwa kazini anakaa naye jirani wa chini, tunamwita Mama Pacha.

Anwani yako nimeiona kwenye bahasha ndani ya droo ya cherehani. Zimo bahasha nyingi, Mjomba, na hakuna iliyofunguliwa. Sikuzifungua. Ninachojua ni kwamba ukitajwa mama hutoka chumbani, au alikuwa akitoka, miguu ilipokuwa ikimtii.

Nakuandikia kwanza ujue hali yake. Pili, kuna mbwa.

Ni mdogo, uzito wake jozi tatu za buti. Baba yake hajulikani na mama yake hakuulizwa. Ana masikio ya ukoo mmoja, miguu ya ukoo mwingine, na manyoya kama ya kondoo. Mama alimwokota miaka minne iliyopita akamwita Kupe, kwa jinsi anavyong'ang'ania. Mama alikuwa akimchana kila siku. Tangu augue hakuna aliyemgusa, na manyoya yamejisokota hadi yamekuwa zulia. Nilijaribu kwa brashi ya viatu (ilikuwa mpya, usinicheke), akaniuma kidole. Mama kuona damu akalia.

Nikiwa kibandani namfikiria mbwa, nikiwa na mbwa namfikiria mama. Kuna mteja ana shamba nje ya mji, amesema atamchukua mwisho wa mwezi wa tatu. Nadhani nitampa. Nakueleza kwa sababu sina mkubwa mwingine wa kumuuliza kama nakosea.

Nitumie namba ya simu, ni rahisi zaidi.

Mpwa wako


Tarehe 21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine za miaka yote ambayo hukupata nafasi ya kunisalimu. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti sijavua. Kisha nikakaa nikaisoma tena. Mwandiko wako haujapinda.

Kuhusu simu: masikio yangu yamezeeka kuliko mimi. Mtu akinipigia nasikia kama anakaanga kitu. Tuandikiane.

Mimi nipo. Nina chumba kimoja na jiko, dirisha linalotazama ukuta wa njano, na vitabu vilivyoizidi rafu vikahamia sakafuni. Nilioa, tukaachana bila kutupiana vyombo. Hadi nilipostaafu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapishaji, kazi ya kufuta mikato ya watu na kurudisha herufi walizozimeza. Asante kwa kuniambia habari za dada. Nimeiangalia sana ile sentensi ya chumvi na blanketi.

Sasa, mbwa. Usimtoe. Nakuomba kama mjomba wako, ingawa sijafanya lolote la kunipa haki ya kukuomba. Huyo ni mtu wake.

Brashi ya viatu irudishe kwenye viatu. Nunua kitana cha chuma chenye meno mapana, na brashi laini ya waya mwembamba. Halafu fuata haya.

Usimwogeshe kwanza. Utashawishika, kwa sababu ananuka, lakini fundo likilowa hukaza kama mkanda wa ngozi ulionyeshewa, na hilo wewe unalijua kuliko mimi. Paka tone la mafuta ya nazi kwenye ncha za vidole, ulipekue fundo kwa vidole kabla ya chombo chochote. Kisha lishike kwenye shina, karibu na ngozi, ubane kwa vidole viwili, uchane kuanzia nchani ukirudi ndani. Ukilishika shina, maumivu yanaishia kwenye vidole vyako wala hayamfikii yeye. Hiyo ndiyo siri yote. Mbwa hachukii kitana, anachukia kuvutwa.

Mkasi usiuingize kati ya fundo na ngozi. Ngozi ya mbwa mdogo ni karatasi, na ndani ya fundo huioni. Fundo moja au mawili kwa siku yanatosha. Mafundo mabaya yatakuwa nyuma ya masikio, kwapani, na pale mkanda wa shingo unaposugua. Acha akiwa bado ametulia, usingoje akasirike. Umfanyie pale pale mama yako anapoona.

Mpe mwenye shamba jibu la polepole.

Mjomba wako


Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakula vizuri, jana alimaliza sahani. Mkono bado. Mama Pacha anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mwanamume anayejua mambo ya kwapa la mbwa lazima awe mtu mpole.

Mwenye shamba nimemwambia asubiri. Amenung'unika, nikamshonea kisigino akatulia.

Nimefanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza fundo moja, dakika ishirini, jasho likinitoka kama nabeba gunia. Kupe alinguruma kwa kila pumzi, lakini hakuuma. Siku ya tatu alilala ubavu. Wiki ya pili nilipolifungua fundo la nyuma ya sikio la kushoto nikakuta kupe watatu wamejificha humo, kwa hiyo nikamwambia mama, "Nimetoa kupe watatu kwa Kupe, sasa yupi tumrudishe?" Mama alinitazama, na mdomo ukapinda upande ule unaoweza kupinda. Sijauona ukipinda hivyo tangu mwezi wa kumi.

Jana tumemaliza mgongo wote. Chini ya lile zulia kumbe kuna mbwa wa rangi ya chai ya maziwa! Mama Pacha alipanda kuona, akaita wanawe. "Tazameni," akawaambia, "huyu amechanwa, na nyinyi mnanikimbia na vichwa vyenu hivyo."

Bado nina maswali. Kucha zake ni ndefu hadi zinagonga sakafu, nami naogopa kuzikata kwa sababu ni nyeusi, sioni mwisho wake. Na ndani ya masikio kuna uchafu wa kahawia.

Swali la tatu si la mbwa. Umejuaje haya yote? Hukuandika kama mtu aliyesoma kitabuni. Na swali la nne, ambalo nimelifuta mara mbili nikaliandika tena: wewe na mama mlifanyiana nini?

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe Mama Pacha salamu zangu. Mdomo wa dada uliopinda umenifanya nitembee hadi mwisho wa mtaa na kurudi bila kuhisi miguu.

Kucha kwanza. Zilizo nyeusi kata kidogo sana, kama unapunguza uzi, kisha angalia ulipokata. Ukiona katikati kadoa kenye unyevu, simama, nyuma yake kuna nyama na damu. Ukikosea na damu ikatoka, bonyeza kucha kwenye unga mkavu na uhesabu taratibu hadi mia. Masikio: pamba yenye maji ya uvuguvugu, pangusa unapopaona tu, usichokoe ndani. Uchafu ukinuka uchachu au akitikisa sana kichwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Sasa maswali yako mawili. Yana jibu moja, nami naomba umsomee mama yako kuanzia hapa.

Dada. Nilipoondoka nilisema nakwenda kufanya kazi ya karatasi, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Huku hakuna aliyetaka msahihishaji wa lugha yetu. Miaka tisa ya kwanza, kabla ya kile kiwanda kunichukua, nilifanya kazi katika duka la kuogesha mbwa. Niliwaogesha, nikawachana, nikawakata kucha, mbwa wa watu ambao hawakujua kama nina jina. Nilikuwa nawaandikia nyumbani kwamba nipo ofisini. Mezani kwangu kulikuwa na karatasi kweli, za kufunikia meza.

Mama alipofariki nilipata telegramu yako asubuhi, mikono ikiwa na povu. Hati zangu zilikuwa hazijatoka. Ningetoka nje ya nchi nisingeruhusiwa kurudi, na kama ningekwambia hivyo ningelazimika kueleza na mengine yote. Nikakujibu kwa maneno matano: "Kazi nyingi. Sitaweza kufika. Poleni." Ukadhani nimechagua ofisi kuliko kumzika mama. Wewe ulimzika peke yako, ukiwa na mtoto wa miaka saba mkononi. Nilikuwa na aibu, nikaivika suti. Kila mwaka nimekuandikia, na kila mwaka sikuliandika hili, kwa hiyo hujapoteza kitu kwa kutozifungua.

Mwezi wa kumi nitapasuliwa moyo. Daktari ananiruhusu kusafiri kabla ya hapo, ila kuhusu baada ya hapo hakuahidi. Nataka kuja. Sitaki kukulazimisha kuniona ukiwa huwezi kutoka chumbani. Ukikataa, nitakaa huku na sitakulaumu. Nikija, utanipokea?

Mpwa wangu, msomee polepole. Kisha uniandikie atakachosema, neno kwa neno, hata kama ni moja. Usilinyooshe.

Mjomba wako


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi.

Mama hajambo. Kupe hajambo. Kucha nimekata, moja ilitoa damu, nikaibonyeza kwenye unga nikahesabu mia mbili kwa woga. Masikio yamekuwa safi. Mwenye shamba ameacha kuuliza.

Barua yako ilifika, nilimsomea mama. Sikumaliza, alikuwa amechoka. Hakusema kitu cha kukuandikia.

Nyayo za Kupe zimepasuka kidogo kwa joto la lami. Nimpake nini?

Ujitunze na moyo wako.

Mpwa wako


Tarehe 18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nafurahi mnaendelea vizuri, na hongera kwa kucha. Kuhesabu mia mbili si woga, ni uangalifu.

Nyayo: mafuta ya nazi, kidogo, baada ya kutembea, na umzuie kwa kumsemesha hadi yaingie, la sivyo atayalamba yote. Mtembezeni asubuhi kabla lami haijapata moto. Weka kiganja chako juu ya lami. Kama wewe huvumilii kwa muda wa pumzi tano, naye havumilii. Na manyoya yaliyoota kati ya vidole vya miguu yapunguze kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, yakiwa marefu hushika kokoto, anachechemea, watu wanadhani ameumia mguu.

Kuoga, mara moja kwa mwezi kunatosha. Usitumie sabuni yako, itamkausha ngozi. Suuza mara mbili, na ukidhani umemaliza suuza ya tatu.

Kuhusu lile jingine, usijisumbue kutafuta namna ya kuniambia. Nimeishi kwa kusoma maandishi ya watu, na mahali ambapo mtu ameruka mstari napaona. Nilimuomba dada jibu, naye amejibu, na wewe umenionea huruma. Sanduku la safari nimelirudisha juu ya kabati. Nilikuwa nimelishusha mapema mno, pupa ya wazee.

Naomba kitu kimoja tu, uendelee kuniandikia habari za mbwa. Za mama yako zitakuwa humo humo.

Mjomba wako


Tarehe 9 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na kabla hujaitikia, nisome kwanza.

Nilikudanganya. Nilisema mama hakusema kitu. Alisema.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, siku moja baada ya barua yako ya mwezi wa nne kufika. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani na Kupe mapajani. Nilianza kumsomea pale uliposema nianzie. Alisikiliza bila kusogea. Nilipofika kwenye duka, na mbwa wa watu uliowaogesha na kuwachana, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwangu, akasema, "Chana."

Nikamuuliza, "Nini, mama?"

"Chana." Mkono unaelekea kwenye karatasi. "Chana! Chana!"

Mjomba, ungekuwa wewe ungeelewa nini? Mtu ambaye hakuwahi kufungua hata bahasha yako moja ananionyesha barua yako na kuniambia chana. Nikaichana. Mara mbili, vipande vinne, mbele ya macho yake, ili atulie. Akalia kwa sauti. Nikadhani ni hasira, nikamwambia, "Basi, mama, imekwisha, haitakuja nyingine." Nisamehe kwa hilo pia.

Ningekuandikiaje? Uliniambia neno kwa neno. Neno lilikuwa moja, nami nikashindwa kuliweka kwenye bahasha. Vipande sikuvitupa. Niliviweka kibandani, chini ya kopo la gundi.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita umeme ulikatika mtaani, mashine yangu ya kushonea soli haikuweza kufanya kazi, nikafunga mapema. Mimi kwa kawaida sirudi kabla ya saa kumi na mbili. Nafungua mlango nasikia mama anasema, "Chana." Na sauti ya Mama Pacha, "Nichane wapi tena, tumbo? Haya, geuka wewe mheshimiwa, nisije nikakutekenya."

Nikaingia. Mama Pacha kakaa sakafuni, kitana mkononi, Kupe chali kama bwana harusi.

"Mama amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nichane."

"Uchane nini?"

"Gauni langu labda! Si mbwa? Kila siku ikifika saa kumi, chana, chana, nisipoinuka ananinyooshea mkono kama askari wa barabarani. Wewe unaishi humu kweli, au unakuja kulala tu?"

Mjomba, niliketi pale pale kwenye vile viatu vya mlangoni. Ile Jumapili, kitana kilikuwa dirishani nyuma yangu. Nilikuwa nimesimama kati ya mama na kitana, na barua yako mkononi. Saa yake ilikuwa imefika, na wewe kwenye barua umelitamka neno lake. Alichotaka ni mbwa achanwe. Au pengine alitaka kuniambia kwamba huyu ndugu yake aliyekuwa akichana mbwa ni kama yeye tu, sijui, siwezi kumjazia maneno, wewe mwenyewe ulinikataza. Ninachojua ni kwamba hakutaka barua ichanwe. Na aliponiona naichana hakuwa na neno la kunizuia.

Mama Pacha nilipomsimulia aliacha kucheka. Akasema, "Nenda ukalete hivyo vipande sasa hivi, viatu vya watu vitangoja."

Nikaviunga kwa gundi ya viatu juu ya kipande cha kadibodi. Barua yako sasa inanuka kama buti jipya na haikunjiki, lakini inasomeka yote. Nikamsomea mama tangu mwanzo. Safari hii nilikaa chini, kitana nimempa yeye kwenye mkono wa kushoto, Kupe mapajani, awe anachana huku nasoma. Anachana vibaya, Mjomba, anapiga piga hewa, na Kupe anamsogezea mgongo pale kitana kilipo.

Kwenye zile karatasi za kufunikia meza alicheka. Ilikuwa sauti ngeni, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa, lakini alicheka. Kwenye povu aliacha kuchana. Kwenye mtoto wa miaka saba aliweka kitana chini akanishika nywele.

Nikamaliza. Nikamuuliza, "Mama, umeelewa?" Jicho likaniuliza kama mimi ndiye mwenye kiharusi. Nikamuuliza, "Mjomba aje?"

Hiki ndicho alichofanya, nakuandikia bila kukinyoosha. Pembeni ya kiti chake kuna kiti kingine, cha mbao, chenye mto. Baada ya kuchanwa Kupe huruka kukaa hapo, na hakuna anayethubutu kumtoa, Mama Pacha mwenyewe anakaa chini. Kupe aliruka akakaa. Mama akamsukuma kwa mkono wa kushoto. Kupe akadhani ni mchezo, akarudi. Mama akamsukuma tena, kwa nguvu, hadi akashuka. Kisha akaanza kupangusa mto. Alitoa manyoya unywele mmoja mmoja, muda mrefu, akiyadondosha sakafuni, hadi mto ukawa safi. Akaweka kiganja juu yake akautazama mlango.

Nilimwambia bado, kwanza niandike. Hautoi mkono ila ninapomlisha na kumlaza. Siku ya tatu leo Kupe analala chini na haelewi amekosa nini.

Nijibu upesi. Shusha sanduku.

Mpwa wako


Tarehe 24 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba.

Usijihukumu. Hilo ni neno moja lenye herufi tano, na kamusi yangu hulipa maana zote mbili bila kusema mtu achague ipi. Ningekuwa nimesimama mahali pako, na mambo niliyomtendea nikiyajua, ningeichana vipande vinane. Miaka ishirini na saba nilidhani naujua ukimya wa dada, na wewe ulidhani unalijua neno lake. Kati yetu wawili, ni wewe tu uliyemuuliza mara ya pili.

Nimeshusha sanduku. Limeshiba vumbi, nimelipangusa. Daktari ameniandikia cheti cha safari, akaniuliza ni nani ninayemfuata huko mbali namna hiyo. Nikamwambia kuna mbwa anahitaji kukatwa manyoya ya machoni, kazi ambayo siwezi kuieleza kwa barua. Akaniangalia mapigo ya moyo upya. Nitafika tarehe kumi na moja Agosti, mchana. Usije kunipokea ukaacha kibanda. Ghorofa ya pili nitaipanda polepole, nikipumzika kwenye kila ngazi nitakayojisikia.

Na Kupe mrudishie kiti chake, leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mwambie dada nimesema hivyo. Yeye atajua kwa nini. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitoka alfajiri, na dada ndiye aliyenichana nywele kabla ya shule. Sikuwahi kupewa kiti. Nilikaa sakafuni kati ya magoti yake, naye akinibana kwa miguu nisikimbie. Kule dukani waliponiuliza nimejifunzia wapi kazi ya kitana, niliwajibu nyumbani, na hawakuuliza zaidi.

Nitakaa pale pale. Nywele zimebaki chache, lakini kwa mkono mmoja zinatosha.

Mjomba wako